Maiti Aliyetetemeka Padova

Padova, Italia
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Niko mzima. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeziruka salamu zote ukilitafuta, na kwa haraka yako ungelipita bila kuliona. Basi lisome tena polepole. Niko mzima. Nakula, nalala, na jana nilipanda ngazi za mnara wa kanisa moja la hapa hadi juu bila kushika ukuta.

Sasa tusalimiane. Hujambo, Mama? Baba hajambo? Goti la Nyanya limetulia, au bado anashuka shambani akichechemea na kumfokea kila anayemwambia aketi? Mpunga umefikia wapi? Ndege wameanza kuuingia? Ndugu yangu Jilo aliniambia mto umerudi kwenye njia yake na safari hii hamkulazimika kuhamisha vyombo, nikashukuru sana. Na wewe mwenyewe presha inakwendaje? Usinijibu kwamba uko tu. Nataka jibu la kweli.

Barua hii namtumia Jilo kwa simu, aichapishe pale cyber Garsen na kukuletea Kulesa. Ulisema mwenyewe siku ile, "Rehema, hii simu inakatika kila nikishika neno. Niandikie, nisome nikiwa nimekaa." Ulikuwa umesikia neno moja tu, hospitali, ndipo mtandao ukapotea. Jilo amenieleza ulivyosimama nyuma ya shule, pale mahali penye mtandao, ukiinua simu huku na huku na jua likikuchoma, hata alipokuja kukuambia nimetoka salama ukamtaka aape. Pole sana, Mama. Kaa sasa nikueleze yote kwa utaratibu.

Kwanza nikukumbushe nilichokuja kufanya huku, maana najua majirani wanakuuliza na unawajibu kwamba Rehema amekwenda kusoma. Ni kozi ya likizo, ya majira ya joto. Asubuhi tunasoma habari za watu wa huku wa zamani, karne nyingi nyuma, walioanza kuchungua kila kitu kwa macho yao wenyewe badala ya kuridhika na yaliyoandikwa vitabuni. Walichungua mwezi kwa darubini, wakapima maji yanavyokwenda mtoni, wakapasua maiti waone mishipa inapita wapi. Alasiri tunatazama filamu zilizotengenezwa juu ya mambo hayo, halafu kila kikundi kinatengeneza filamu yake fupi. Ile filamu yangu ndogo ya Nyanya akiwafukuza ndege shambani, niliyoichukua kwa simu mkamcheka Nyanya anavyoitukana kamera, ndiyo iliyonileta hapa. Mwambie hivyo. Atajifanya hajali.

Kikundi chetu tuko watatu. Kuna Luz, msichana wa Peru, ndiye ninayelala naye chumba kimoja na ndiye mshika kamera. Mfupi, anaongea haraka, na hucheka kabla hajamaliza kusimulia kinachochekesha. Halafu kuna Henrik, kijana wa Denmark, mrefu kama mlingoti. Yeye ndiye mwelekezi wetu, yaani anayepanga nani asimame wapi na aseme nini. Ni mtu mzuri lakini anapenda mambo yaende vile alivyoyaota.

Hapa Padova kuna ukumbi wa kale wa mbao ambamo madaktari walikuwa wakipasua maiti mbele ya wanafunzi. Tulipelekwa kuuona wiki ya kwanza. Mama, ni kama kusimama chini ya faneli kubwa, kama ile ya kumiminia mafuta. Katikati, chini kabisa, kuna nafasi ndogo ya meza, na kuizunguka kuna safu za vizuizi vya mbao zinazopanda juu, moja nyuma ya nyingine, wanafunzi wakisimama humo wamebanana, wakichungulia chini. Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, alituambia kwamba waliolazwa pale mezani hawakuwa watu wa mji huu. Sheria zilitaka wawe watu wa mbali: waliohukumiwa kunyongwa au waliofia hospitalini, wasio na ndugu hapa wa kuja kuwadai. Niliyasikia hayo nikayaandika kama somo lolote. Sikujua kwamba yangenirudia.

Henrik akaamua filamu yetu iwe ya daktari mmoja wa zama zile, siku anapopasua kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba vitabu vilikosea. Wanafunzi wa vikundi vingine wangetusaidia kuwa watazamaji, na mwalimu mwingine mwenye ndevu nzuri angekuwa daktari. Ikabaki maiti. Wote wakanitazama mimi.

Na sababu yao, Mama, usikasirike. Siku niliyofika, nikiwa sijalala tangu Nairobi, walituonyesha filamu ya kale isiyo na sauti. Nililala kwenye kiti wakashindwa kuniamsha, ikabidi wanisubiri. Basi Luz akasema, "Rehema hata akiwa hai halali kama watu, anazimika kabisa." Wakacheka, na mimi nikacheka. Mwalimu aliniita kando akaniuliza kama kweli nimeridhika, maana ningeweza kukataa na hakuna ambaye angenilaumu. Nikamwambia nimeridhika. Ningefunikwa shuka mpaka kidevuni, nilale, basi.

Lakini nilimfikiria Nyanya. Nilijua angesema nini: uchuro, mtu mzima kujilaza kama maiti kwa mchezo. Kwa hiyo nilimwambia Jilo peke yake, naye akanijibu kwa ule ujumbe wake, "Sista, usife kikweli tu." Maneno hayo alikuja kuyajutia.

Siku mbili kabla ya kupiga picha, kichwa kilianza kuniuma. Nikadhani ni AC. Darasani kwetu wanaiwasha hadi mtu anatamani blanketi, na nje jua linawaka kama la Hola, kwa hiyo mwili unatoka kwenye baridi na kuingia kwenye moto mara kadhaa kwa siku. Luz akanipa maji ya ndimu. Mwili ukawa mzito, viungo vikawa kama nimelima peke yangu shamba zima. Nikasema mafua. Chakula kikanishinda, hata ule ugali wao. Ndiyo, wana ugali, Mama, wa njano na laini, wanauita polenta. Siku nyingine ninaula mpaka wananishangaa, lakini siku hiyo hata harufu yake sikuitaka.

Wala wazo la malaria halikunijia. Mimi niliyeugua malaria mara nyingi tangu utotoni kuliko nilivyoumwa meno! Lakini huku hakuna malaria. Mbu wapo, wananiuma kila jioni, ila hawabebi kitu. Nilijiambia kwamba ugonjwa ule niliuacha nyumbani pamoja na neti yangu. Nilisahau kwamba wiki ile ya kuja kuwaaga nililala kule shambani na Nyanya, na neti tuliyoitundika ilikuwa imechanika upande wangu.

Siku ya kupiga picha ikafika. Ule ukumbi wenyewe hairuhusiwi kuutumia, umezeeka mno, kwa hivyo seremala mmoja alitutengenezea kipande cha kuufananisha ndani ya ghala tupu nje ya mji. Ilikuwa alasiri, na ghala limechemka. Watazamaji wetu wamesimama kwenye mbao wamevaa majoho mazito meusi, jasho linawatiririka. Mimi nimelala mezani nimefunikwa shuka moja jembamba, nikaanza kuhisi baridi.

Si baridi ya kawaida. Unaijua ile, Mama, inayotoka ndani ya mifupa. Nikauma meno yasigongane.

Henrik akapaza sauti, "Kata! Rehema, maiti hatetemeki."

Watu wote wakacheka kule juu. Na mimi nikacheka, nikaomba radhi, nikajilaza vizuri. Mwalimu mwenye ndevu akainua kisu chake cha bandia. Nikajitahidi kuhesabu mbao za paa ili nisahau mwili wangu, lakini zilikuwa zikiogelea.

"Kata! Rehema, tafadhali! Shuka linacheza lote, tunaliona kwenye kamera."

Safari hii sikucheka. Nilijaribu kusema kwamba nahisi baridi, lakini meno yalikuwa yakigongana hata maneno yakatoka vipande vipande. Nikamwona Luz anaacha kamera yake, anaruka kizuizi na kuja mezani. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria.

"Huyu hatetemeki kwa kucheza," akamwambia Henrik. "Anaungua!"

Kutoka hapo nakumbuka vipande tu. Nakumbuka kutapika kando ya meza, aibu yake, na watu wenye majoho meusi wakiwa wamenizunguka wakinichungulia kutoka juu, safu kwa safu. Ndipo yale ya mwalimu yakanirudia. Watu wa mbali. Wasio na ndugu wa kuja kuwadai. Mama, nilishikwa na hofu ambayo siwezi kukuandikia sawasawa. Nilifikiri kwamba Nyanya alikuwa na haki, nimejiitia kifo mwenyewe, na kwamba nikifa hapa hawa watasimama hivi hivi wananitazama, na wewe uko Kulesa unapepeta mchele hujui lolote.

Mwalimu wetu alinipeleka hospitali kwa gari lake, Luz akiwa amenikumbatia kwenye kiti cha nyuma. Pale mapokezi kulikuwa na karani mwanamume, hana ubaya, anafanya kazi yake tu. Akauliza jina, akauliza nchi, halafu akauliza, "Ndugu yake hapa ni nani?"

Mwalimu akaanza kueleza kwamba mimi ni mwanafunzi, nimekuja kwa kozi, kwamba chuo ndicho kinachonisimamia. Luz akamkatiza.

"Ni mimi," akasema. "Mimi ni dada yake."

Karani akamwangalia Luz, na nywele zake zilizonyooka, na ufupi wake. Akaniangalia mimi.

"Dada?"

"Dada," Luz akasema, na hakupepesa macho.

Yule karani akaandika. Nilikuwa mgonjwa wa kutojiweza, Mama, lakini hilo nililisikia, na hofu ile ya mezani ilipungua papo hapo. Kama kuna mtu utakayemwombea kwa jina jioni ya leo, awe Luz.

Daktari alikuwa msichana, pengine hanizidi kwa miaka mingi. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Kenya. Sehemu gani? Nikasema Tana River. Karibu na maji? Nikasema maji yenyewe ndiyo jirani yetu. Nilifika huku lini? Nikamwambia.

"Tutapima damu kwa malaria," akasema.

"Daktari, ni AC tu," nikamwambia, hata sijui nguvu za kubishana nilizitoa wapi. "Huku hakuna malaria."

"Huku hakuna," akasema. "Umekuja nayo wewe."

Jibu la damu lilirudi upesi. Walinikuta nayo, na ilikuwa kali. Macho yalikwisha kuwa ya njano. Wakanilaza siku hiyo hiyo, wakanitia dawa kwenye mshipa na kunitundikia maji, kisha baadaye nikamalizia kwa vidonge kama vile vya zahanati yetu, isipokuwa huku wanakusimamia ukivimeza kana kwamba ni dhahabu. Daktari alisema tungechelewa tena kidogo tu angeniambia mambo mengine. Sikumuuliza mambo gani.

Wenzetu wa kozi walikuwa wameingiwa na woga kwamba nitawaambukiza. Wengine, nasikia, waliosha vikombe vyote vya jikoni na kutoa nje godoro langu. Daktari akampigia mwalimu simu akamwambia awaeleze kwamba ugonjwa huu hauruki kutoka mtu hadi mtu, wanywe chai yao kwa amani. Godoro likarudishwa ndani.

Sasa nikueleze habari ya Graziella, kwa sababu nataka umjue.

Ni muuguzi pale wodini, nywele zote nyeupe, amekaribia kustaafu. Siku ya kwanza nilimwona kwa mbali tu kwa sababu ya homa, lakini jina langu nililisikia kila alipopita. Analivuta, "Reeeema," kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kiingereza hana. Luz ndiye alikuwa mkalimani, kwa sababu Kihispania chake na Kiitaliano ni kama Kipokomo na Kigiriama, ukitega sikio unashika.

Homa ilipoanza kushuka, Graziella akaja na kiti akaketi kando yangu. Akauliza kwetu tunalima nini. Nikamwambia mpunga, mahindi, ndizi, maembe. Aliposikia mpunga akanishika mkono.

Kumbe yeye ametoka bondeni, Mama. Si mbali na hapa kuna mto wao mkubwa unaomwaga maji baharini kwa matawi mengi, nchi tambarare, matope na matete, kama kwetu ukishuka kuelekea Kipini. Mama yake alikuwa akienda kila msimu kupandikiza mpunga na wanawake wenzake, maji magotini, mgongo umeinama kutwa. Na malaria ilikuwapo! Kila nyumba. Graziella anakumbuka mama yake akimsimulia alivyokuwa akilala, kabla yeye hajazaliwa, chini ya mablanketi yote ya nyumba katikati ya joto kama hili, akitetemeka, na jirani akiwaletea dawa ya kwinini. Ilikuwa chungu, akasema, akakunja uso wote ili nielewe. Nikamwambia Nyanya wangu anaijua hiyo kwinini na anaikunjia uso vivyo hivyo. Hata neno malaria ni lao. Ni maneno yao mawili yaliyoshikana, maana yake hewa mbaya. Wale wataalamu wa zamani tunaowasoma darasani, pamoja na akili zao zote, walidhani ugonjwa unatoka kwenye hewa ya kinamasi. Mbu hawakumshuku.

"Nionyeshe mnavyopandikiza," Graziella akasema.

Nikatoa mkono kwenye shuka, ule usiokuwa na sindano, nikamwonyesha: unashika miche kwa vidole hivi, unaichoma kwenye tope, unarudi nyuma. Akacheka hadi akafuta macho. Akafanya na yeye. Mkono ni ule ule, Mama. Luz alisimama pembeni akitutazama, mgonjwa na muuguzi tukipanda mpunga juu ya kitanda cha hospitali.

Henrik alikuja siku iliyofuata, amebeba mfuko wa matunda ya mapichi. Alisimama mlangoni na urefu wake wote hajui auweke wapi.

"Nilikuambia maiti hatetemeki," akasema. "Sijalala vizuri tangu siku ile."

"Na ni kweli hatetemeki," nikamwambia. "Ndiyo maana niko hai."

Akaketi. Tukala mapichi. Akaniambia nisijali kuhusu filamu, amepata mwanasesere wa dukani, wa kuonyeshea nguo, atamlaza pale mezani badala yangu, na jina langu litaandikwa vivyo hivyo. Alikuwa na nia njema. Lakini nikamwambia hapana.

Nilikuwa nimekaa kitandani nikifikiri. Nikamwambia, "Henrik, filamu yetu yote inamtazama daktari. Yule aliyelala hatumjui hata jina. Alitoka wapi? Nani anamsubiri nyumbani? Kama kuna mtu njiani anakuja kumdai, je?"

"Lakini vitabu havisemi kama kuna aliyekuja," akasema.

"Havisemi hakuja pia."

Akafikiri. Unajua mtu anayependa mambo yaende alivyoyaota, kumbadilisha ni kazi. Tulibishana mpaka muuguzi mmoja akaja kutunyamazisha. Henrik alisema tumebakiwa na wakati mfupi, na mwalimu mwenye ndevu amekwisha kukariri maneno yake yote. Luz akamjibu, "Basi aseme hayo maneno yake, halafu mlango ugongwe." Henrik akamtazama, akatazama dirishani, akasema polepole, "Mlango ugongwe." Hapo nikajua amekubali.

Unajua tulimpata nani wa kugonga mlango? Graziella. Alikataa kabisa kwanza, akasema uso wake unafaa kutazamwa na wagonjwa tu, kwa kuwa hawana nguvu za kukimbia. Luz akamsihi. Nikamsihi na mimi kwa Kiitaliano changu cha maneno machache, nikimwita Mama Graziella. Siku niliyotoka hospitali alikuja ghalani baada ya zamu yake, amejifunga kitambaa cha mama yake kichwani, miguuni amevaa viatu vya shamba.

Daktari alikuwa ameniruhusu kulala tu, na kulala ndiko kulikotakiwa. Nikapanda mezani tena. Nisikufiche, moyo ulinienda mbio nilipofunikwa shuka. Luz akainama akaninong'oneza, "Ukihisi baridi hata kidogo, unasema." Sikuhisi baridi. Nilihisi joto kama watu wote, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nililifurahia jasho.

Mwalimu mwenye ndevu akasema yake, akainua kisu. Mlango ukagongwa. Nikasikia viatu vile vizito vikija juu ya mbao, polepole, na watazamaji wakimpisha. Kisha mkono ukaniangukia begani, mkono ule ule ulionibadilishia maji na kunipanga mto, na Graziella akasema maneno mawili ya Kiitaliano ambayo hata mimi nilikuwa nimekwisha kujifunza: "È mia." Ni wangu huyu.

Hakuna aliyesema kata. Henrik alisahau.

Ijumaa filamu zote zilionyeshwa uani pa chuo, jioni, watu wa mtaani wamealikwa na viti vyao. Yetu ilikuwa fupi kuliko zote. Ilipokwisha, mzee mmoja wa mtaani akainua mkono akauliza kwa sauti kubwa, "Sasa huyo mwanamke alimpeleka wapi yule maiti?" Henrik akatafuta jibu la maana, nadhani alitaka kueleza habari za historia. Graziella, aliyeketi mbele na mumewe na mikoba yao ya sokoni, akageuka akamjibu yule mzee kwa mshangao, kama anayeulizwa jambo lililo wazi:

"Nyumbani. Atampeleka wapi tena?"

Watu wakapiga makofi kuliko walivyopigia filamu yenyewe. Mimi nikalia, Mama, lakini yalikuwa machozi ya yule aliyeshusha mzigo. Luz akaniuliza kama naumwa tena. Nikamwambia hapana, sijawahi kuwa mzima kama leo.

Basi ndiyo hayo, na hakuna lingine nililobakiza. Kozi inaisha wiki hii. Daktari amenipima tena, damu ni safi. Nimepungua mwili, utaona, lakini usianze kulia pale barabarani, nitanenepa. Ameniagiza nikifika nilale ndani ya neti nzima, na mimi nakuagiza wewe: ile ya shambani itupwe, Jilo akachukue nyingine zahanati kabla sijafika. Nyanya asilale bila neti hata siku moja kwa kisingizio cha joto. Kuhusu mambo ya meza na shuka, nakuachia wewe uamue umweleze vipi. Ukitaka, mwambie nilikuwa mgonjwa kwenye filamu na mgonjwa hospitalini. Si uongo mkubwa.

Nisalimie Baba, umwambie nimeona jinsi watu wa huku wanavyofundisha mto wao kwa kingo za udongo, nina mengi ya kubishana naye. Salamu kwa Nyanya, mpiganaji wa ndege. Salamu kwa Mjomba Buya, fundi wa mitumbwi, na kwa mama mchungaji aliyetuombea safari. Umsalimie sana Mama Abdi anayetuletea maziwa kutoka Minjila, na wanawe. Jilo, wewe uliyeisoma barua hii yote kwenye mashine ya cyber kabla ya mwenyewe, salamu zako umezipata njiani.

Graziella anakusalimia. Alitaka nikuandikie kwamba mwanao ni mkaidi anapotakiwa kula, na kwamba amekulelea kidogo.

Kuanzia Jumamosi ijayo msinipigie, nitakuwa safarini. Mtu aje anipokee njia panda ya Minjila, nina begi zito na mfuko wa mbegu za mpunga wa bondeni kwao, kama watu wa uwanja wa ndege hawatazikamata. Na Mama, wali wa nazi na samaki, tafadhali. Mwingi.

Ni mimi binti yako,
Rehema